Kibati cha Pembe Nne

Mtu akinijia na kibati alichokisugua kwa limau na majivu mpaka kinang'aa, simkaribishi kiti. Namwambia asimame hapo hapo mlangoni anieleze nani alimtuma. Shaba iliyokaa miaka mingi huvaa rangi yake yenyewe, kahawia inayoelekea kijani, na rangi hiyo ndiyo ushahidi wote. Ukiisugua umefuta kila kitu, umebaki na kidude cha kuegemezea mguu wa meza. Watu wananuna, wanakwenda kusema Mama Vibati ana mdomo. Ninao, na ndio unaonilisha.

Kazi yangu ni vibati. Si sarafu, sarafu zina wenyewe. Mimi nashughulika na vile vidude ambavyo viwanda na makampuni yaliwapa watu enzi zile: kibati cha getini, kibati cha kantini cha kubadilisha na sahani ya chakula, kibati cha dobi, kibati cha kuingilia dansini. Vingi havina hata jina, vina nambari tu. Mtu ananiletea, mimi namwambia kilitoka wapi, cha miaka gani, ni halisi au feki, na wanaokusanya vitu vya kale wanaweza kukinunua kwa kiasi gani. Nina mizani ndogo, kioo cha kukuzia, rula ya chuma na kumbukumbu isiyosahau. Tena nina masharti yangu. Jibu silitoi siku ile ile, nalala nalo kwanza. Na nikilitoa, nalitoa kwa sauti mbele ya Fundi Saa, ambaye tumepanga naye chumba kimoja, asije mtu akasema nilimnong'oneza kitu kingine.

Fundi Saa anakaa upande wa dirisha kwa sababu ya mwanga, mimi nakaa upande wa mlango kwa sababu ya maneno. Ni mzee sasa, mikono bado imetulia. Hajui vibati na hataki kujua, lakini ameshanisikia nikitoa majibu mpaka anaweza kuyasema usingizini.

Jina langu lilitoka na vibati vya aina moja, vya mgodi uliowafukia watu hapa kwetu. Kila mchimbaji alikuwa na vibati viwili vya nambari moja. Akija zamu, cha mviringo alikikabidhi kwenye dirisha la taa, akapewa taa yake, na kibati kikatundikwa ubaoni. Cha pembe nne alishuka nacho. Akipanda, anarudisha taa na kuchukua cha mviringo. Ubao ukiwa mtupu, watu wote wako juu. Siku shimo lilipobomoka na maji yakalijaza, hakuna aliyeteremka kutafuta maiti. Kampuni ilisoma ubao. Kila cha mviringo kilichobaki kikining'inia kilihesabiwa kuwa mtu aliyekufa. Wakaitwa wake zao getini, wakakabidhiwa vibati, shimo likazibwa kwa zege. Baadaye wakajenga ukuta wa majina, kila jina na nambari yake. Baba yangu ni wa tatu kutoka chini, mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa bado tumboni.

Mama alitia uzi mweusi kwenye kile kibati, akakivaa shingoni, na sijawahi kumwona bila hicho. Nambari mia nne sabini na sita. Niliijua kabla ya kujua a wala be, maana ndiyo niliyokuwa nikiichezea nikinyonya. Shuleni, watoto wengine walipojisifu baba zao wana baiskeli, mimi nilisema wangu yuko ukutani, na wakanyamaza. Mnaniona nina kiburi. Kiburi changu chote kilitoka kwenye ule ukuta.

Wanunuzi walianza kuja nyumba za wajane nikiwa msichana. Watu wa tabasamu. Walijua kwamba cha mviringo cha mtu aliyekufa siku ile kina thamani kubwa kwa wakusanyaji, wajane walikuwa hawajui, basi wakavichukua kwa bei ya kilo ya sukari. Mmoja alimwambia mama, nami nimekaa pale pale, kwamba chake kimekwaruzika hakifai, ila kwa kumwonea huruma tu atamsaidia. Nilimtoa mbio mpaka akaacha kofia. Kuanzia hapo nikalivalia njuga jambo lile. Nilishika kila kibati nilichokiona, nikauliza kila mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye dirisha la taa, hadi ikawa mnunuzi hathubutu kugonga mlango wa mjane bila kupitia kwangu.

Na mimi ndiye niliyewawekea kanuni ambayo wote wanaifuata. Cha mviringo chenye nambari ya mtu wa ukutani kipo, na ni halali. Cha pembe nne chenye nambari ya mtu wa ukutani hakipo juu ya ardhi. Kiko chini ya zege na mwenyewe. Kwa hiyo ukiletewa, usijisumbue hata kukipima, ni feki. Vimeletwa vingi, vimekatwa na mafundi wajanja, vikachomwa, vikazikwa kwenye chumvi ili vizeeke. Vyote nimevitumbukiza kwenye chupa ile pale dirishani, kila anayepita avione.

Nimesema Fundi Saa ni mzee wa siku nyingi. Alimposa mama nikiwa darasa la pili. Mama alimjibu kwamba mume wake hajapanda bado, na mwanamke haolewi huku anamsubiri mtu. Mwingine angekwenda zake. Yeye hakuoa. Alimletea mama saa ya ukutani, na kila Jumamosi anakwenda kuijaza ufunguo, anakunywa chai, anaaga. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikang'amua kwamba fundi kama yule angeweza kumpa saa ya betri.

Sasa sikilizeni lililonipata.

Alikuja asubuhi moja, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi na ncha za vidole zenye vidonda vya sindano. Alisema ni fundi cherehani, ametoka mji wa mbali, amelala nyumba ya wageni pale kona. Akaanza kwa kuniomba radhi kwa kunisumbua. Mteja anayeanza kwa radhi ama hana feki, ama ana feki nzuri sana. Nikamvutia kiti.

Alitoa mkobani rundo la funguo, na kwenye pete ya funguo kilikuwa kimening'inia kibati cha pembe nne. Akanieleza kwamba baba yake amefariki, hata matanga yameisha juzi tu. Alikuwa mlinzi wa shule. Siku za mwisho alimtia funguo mkononi, akamwambia za madarasa arudishe kwa wenyewe, lakini hicho kibati ndicho chake, amwachie yeye. Hakusema zaidi. Maisha yake yote, ukimwuliza kwao ni wapi, alijibu kwao kuliisha. Msibani hakuja hata mtu mmoja wa upande wake. Yule mama aliaibika mbele ya wakwe, na sasa watoto wake wanamwuliza babu alitoka wapi, hana la kuwajibu. Ndipo mtu akamwambia kuna mwanamke ambaye ukimpa kibati anakwambia mgodi, na akijua mgodi pengine na ukoo utapatikana.

"Sikuja kuuza, dada," akasema. "Nataka watu wake. Hata kama amebaki mmoja tu, nimsalimie."

Nikakigeuza kibati nione nambari. Mia nne sabini na sita.

Sitajifanya shujaa, nilishika ukingo wa meza. Nikamwuliza kama marehemu aliwahi kutaja kazi ya zamani. Akasema alitaja mara moja kwamba aliwahi kufanya kazi chini ya ardhi, akaacha. Yaliyobaki alihadithiwa na mama yake, ambaye naye hayupo tena. Kwamba zamani zile baba alikuwa anawatembelea tu, anakuja mchana, anaondoka jioni. Kisha siku moja, yeye mwenyewe akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, baba alikuja hana begi wala furushi, amevaa viatu vizuri vimejaa vumbi, akasema wanahama. Wakahama juma lile lile. Nikamwuliza ulikuwa mwaka gani. Akanitajia mwaka ulioandikwa juu ya ukuta wetu.

Baba hakuacha picha, sikuwa na cha kumlinganisha naye. Nilimtazama tu yule mama jinsi unavyokagua kikombe kabla ya kukinunua, nikitafuta ufa. Masikio yake yameshikana na shavu kule chini, hayana ndewe. Kama yangu. Nikamwambia kwa sauti kavu aniachie kibati, aje kesho. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Alipotoka, Fundi Saa aliniuliza mbona natafuta mizani na iko mbele yangu. Nikamwambia sijanywa chai.

Nikaanza kukipima. Miaka yote ya kazi hii nimekuwa nikiomba kitu kiwe halisi, kwa sababu halisi ndiyo inayolipa. Siku ile niliomba kiwe feki. Nilikiweka kwenye mizani nikitumaini kitakuwa chepesi, kikatoka sawasawa na ndugu zake. Nikapima unene kila pembe, sawa. Nikaenda kwenye saba. Hapa pana siri ambayo sijamfundisha mnunuzi yeyote. Chuma walichogongea saba pale mgodini kilikatika mguu wake, na hawakununua kingine, wakaendelea nacho hivyo hivyo. Kwa hiyo saba zote za miaka ile zimekatika chini. Watengeneza feki wanakopi nambari kutoka ukutani, na ukutani mchongaji alichonga saba nzima yenye mguu. Nikaweka kioo jichoni. Saba yake ilikuwa haina mguu.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililonichoma zaidi. Kitu kilichokaa kwenye maji na matope kinatoka cheusi, kimeliwa kwa madoa. Hiki kilikuwa cha manjano iliyokolea, rangi ya shaba inayoshikwa kila siku, na pembe zake zilikuwa zimelainika kabisa. Tundu la kamba lilikuwa limelika upande mmoja tu, likawa refu. Pete ya chuma hulila tundu hivyo ikining'inia miaka mingi na uzito wa funguo. Hakukitupa mtoni njiani. Hakukizika. Alikining'iniza na funguo, akawa anakisikia kikilia mfukoni kila anapofungua na kufunga madarasa ya watoto wa watu, na mimi mtoto wake nipo darasani nikijisifu ukuta.

Wachimbaji walikuwa na mchezo wao, wazee wa dirisha la taa walinihadithia wakicheka. Waliuita kutundika kivuli. Unakuja asubuhi, unakabidhi kibati cha mviringo, unachukua taa, unaificha kwenye magogo nyuma ya ghala, unapenya uzio unakwenda kwenye mambo yako. Ubao unasema uko chini, na mshahara unahesabiwa kwa ubao. Jioni unarudi, unachukua taa, unajipaka vumbi, unapanga mstari na waliopanda. Nilicheka nao. Haikunijia hata siku moja kwamba ubao uliodanganywa kwa ajili ya mshahara ndio huo huo uliotuhesabia maiti.

Nilifunga upande wangu mapema, nikaenda kwa mama.

Njia nzima nilikuwa nachagua maneno. Niliogopa angeanguka. Moyo wake si mzuri, na nilijiona kama mtu anayekwenda kumpiga mama yake rungu kwa makusudi. Nilimkuta uani anakunja nguo. Maneno yote niliyoyachagua yakanikimbia, nikachukua mkono wake, nikakiweka kibati katikati ya kiganja.

Akakitazama. Akakigeuza. Akavuta uzi mweusi shingoni, akatoa cha mviringo, akaviweka pamoja, nambari juu ya nambari. Hakuanguka.

"Kumbe alikitunza," akasema.

Nilikaa chini kwenye kibaraza. Nikamwuliza kama alijua. Akaendelea kukunja shati, akalinyoosha kola, akaniambia yale ambayo nilitakiwa kuambiwa kabla ya kujifunza kusoma nambari.

Siku ile alikwenda getini na wanawake wenzake. Alilia kilio cha kweli, alisema, hakuigiza hata kidogo, na waliposoma ubao alizimia. Wakamrudisha nyumbani. Akataka kitu cha mumewe cha kushika, chochote, akainama chini ya kitanda.

"Viatu vyake vya kutokea havikuwepo," akasema. "Nani anashuka shimoni na viatu vya kutokea?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, mnanijua. Akanijibu taratibu kwamba nyumba za kampuni zilikuwa za mke wa mchimbaji au mjane wa mchimbaji. Mke aliyekimbiwa hakuwa na mlango wa kufungua. Ana mimba ya miezi saba, kwao hakuna anayemtaka, na hapa wanamwita mjane, wanamletea kuni, wanamhifadhia nyumba mpaka kufa. Angesema mume wangu hajafa, amekwenda kwa mwanamke? Nani angemwamini, na akiaminiwa angelala wapi? Akasema wiki ya kwanza alingoja arudi ili amtukane. Wiki ya pili alingoja arudi tu. Halafu akavaa kibati.

"Na Fundi?" nikamwuliza.

Hapo ndipo mikono yake ilipoacha kukunja.

"Ningeolewaje, na mume ninaye?" akasema. "Wewe ungetaka nimtie mwenzangu kwenye dhambi asiyoijua?"

"Ungemwambia ukweli."

"Ningemwambia, angenichukua kwa huruma. Na wewe ulikuwa umeshakuwa mtoto wa shujaa. Ulikuwa ukipita hapa nje umeinua kidevu, watu wazima wanakupisha. Nikuvunje?"

Nilikuwa na hasira naye, na hasira na yule mlinzi wa shule, na hasira zaidi na mimi kwa sababu sikuweza kumkasirikia mama mpaka mwisho. Nikamweleza juu ya yule fundi cherehani. Nikamweleza alivyofiwa bila mtu wa upande wa baba, na kwamba hataki hela, anataka watu. Mama alisikiliza, akauliza jambo moja tu, kama marehemu aliteseka. Nikasema alikufa kitandani, binti yake amemshika mkono.

"Basi leo ndiyo nimekuwa mjane," mama akasema. Kisha akanirudishia cha pembe nne na kukitia chake ndani ya nguo. "Mwambie ni feki."

Nikamwambia sijawahi kusema uongo juu ya kibati. Nikamwambia yule mwanamke ni damu yangu, sina ndugu mwingine duniani. Hakubishana. Alisema tu kwamba amebakiwa na miaka michache, na angependa kuimaliza katika nyumba hii, kwenye mtaa huu, na watu wakimwita vile walivyomzoea. Baada ya hapo nifanye nitakavyo. Halafu akachukua shati jingine.

Kesho yake yule mama alikuja amevaa vizuri, amejipaka mafuta, na mkobani ana mfuko wa zawadi, kitambaa cha meza alichokishona mwenyewe kwa mkono. Alikuwa amekuja na zawadi ya watu ambao hajui kama wapo. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Fundi Saa alikuwa dirishani na kioo chake jichoni, ameinamia saa ya mkono ya mtu.

Nilisimama, kama ninavyosimama siku zote nikitoa jibu. Nikasema kwa sauti, mgodi ni wa hapa, umbo ni la hapa, lakini nambari hii ni ya mtu aliyefia chini, jina lake liko ukutani, na kibati chake cha pembe nne kimezikwa naye. Kwa hiyo hiki kimetengenezwa. Ni feki. Baba yake huenda alikinunua sokoni kama watu wengi walivyouziwa, na hakuna ukoo wa kutafutwa kutokana nacho. Niliyasema yote bila kukwama. Kumbe uongo una mdomo mwepesi kuliko ukweli, sikuwa najua.

Nikadhani atalia. Alifuta miwani tu, akasema ahsante, angalau amejua asitafute upande huu. Akauliza kama anatakiwa kukitumbukiza kwenye chupa pamoja na vile vingine, maana amesikia ndiyo desturi yangu. Mdomo wangu, huu huu unaosifiwa, ukashindwa kufunguka. Nikatikisa kichwa.

"Basi nakwenda nacho," akasema. "Feki au si feki, kilikuwa mfukoni mwake."

Akajaribu kukirudisha kwenye pete ya funguo, lakini pete ilikuwa ngumu na vidole vyake vina vidonda. Fundi Saa akanyoosha mkono bila kuambiwa, ndiyo kazi zake hizo. Akaipanua pete kwa kibisibisi, akakichukua kibati, akakipitisha taratibu. Kioo kilikuwa bado jichoni. Nilimwona anasita kidogo, amekishika kwenye mwanga. Kisha akambonyezea pete ikafunga, akampa. Yule mama akaweka kitambaa cha meza mbele yangu, akasema hana wa kumpa huku, nikitumie mimi. Akatuaga wote wawili kwa heshima, akateremka ngazi. Nilizisikia funguo mpaka barabarani.

Fundi Saa hakurudi kwenye saa yake.

"Ile saba haina mguu," akasema. "Za kwenye chupa zote zinao, ila ya mama yako pia haina. Nimeitazama kila Jumamosi miaka yote hii, nikijifanya natazama kikombe."

Nikaanza kukikunja kile kitambaa cha meza. Nilitaka kumgombeza, kwamba asiingilie asiyoyajua.

"Kwa hiyo hakushuka," akasema.

"Hakushuka."

Alivua kioo, akakiweka mezani, akajifuta jicho kama linalomwasha. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria jinsi ya kumweleza, na nianzie wapi, kwenye viatu au kwenye nyumba ya kampuni. Nilikuwa tayari kumwambia. Naapa nilikuwa tayari, kwa sababu alikuwa na haki kuliko sisi wote, na nilikuwa nimechoka.

"Mama yako asijue," akasema. "Nakuomba, mwanangu. Amemlilia yule mtu maisha yake yote. Akisikia hili litamuua."

Nikamwambia sawa.

Jumamosi alikwenda kama kawaida. Nilikuwepo. Mama alimwandalia chai, yeye akapanda kwenye kigoda, akafungua kioo cha saa, akaijaza polepole mpaka ikakaza. Kisha akashuka, akakaa, akamwuliza habari za moyo wake kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao, na alipokuwa anaaga akakitazama kile kibati shingoni, akasema siku zote amemheshimu kwa vile alivyomsubiri mwenzake. Mama akainamisha kichwa, akamshukuru. Mezani palikuwa pametandikwa kitambaa kipya kilichoshonwa kwa mkono, na Fundi akakisifu, akauliza kimetoka wapi, kana kwamba hakuwepo kilipotolewa. Nikasema nimepewa na mteja.